Benchi la Kona ya Ngazi

Ipo nchi moja, si mbali sana wala si karibu, ambayo Mwenyezi Mungu aliijaalia bahari nzuri, watu wapole na serikali isiyolala. Jina lake halijulikani, kwa sababu kamati iliyoundwa kulitafuta bado haijamaliza kikao chake cha kwanza.

Katika nchi hiyo, ufukweni, yamesimama Majumba ya Wote. Yalijengwa siku za furaha, pale wananchi walipotangaziwa kwamba kuanzia sasa kila kitu ni chao. Waliohamia humo walikuwa vijana. Walipanda ngazi mbili mbili, makochi vichwani, wakiimba. Sasa majumba yamezeeka na waliomo wamezeeka nayo. Chumvi ya bahari inakula vyuma vya majumba, sukari inakula miguu ya wakaazi, na kila mwaka hutolewa taarifa kwamba hali ya vyuma na hali ya miguu inaridhisha.

Inayotoa taarifa hiyo ni Wizara ya Vitu vya Pamoja. Kazi yake ni kulinda ngazi, mapaa, mabomba na taa za kila jumba, na sheria yake imeandikwa ukutani kwa rangi ya kijani: CHA WOTE SI CHA YEYOTE. Ni sheria nzuri, maana inaeleweka hata na mtoto. Mtu mmoja aliwahi kubadilisha taa ya ngazini iliyoungua, akashitakiwa kwa kuwapora wenzake haki ya kuibadilisha. Tangu hapo ngazi zina giza, na giza lenyewe ni la wote, kila mkaazi ana sehemu yake. Chuma cha kushikia kilipokatika na kuporomoka hadi mlangoni, Wizara ilifafanua redioni kwamba hakikuanguka. Kilikuwa kimehamia ghorofa ya chini.

Juu kabisa, ghorofa ya nne ya jumba lililo karibu na maji kuliko yote, wakiishi Bi Zuwena na mumewe, Mwalimu Faki. Mwalimu Faki alikuwa amefundisha gwaride na mazoezi ya viungo katika skuli ya mji ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hakuna mtu mzima pale mjini ambaye hakuwahi kusimama juani akiamrishwa naye, "Mguu sawa!" Na alipoona watoto wamechoka, alikuwa akiteremsha sauti na kuwaambia, "Mguu pande," kwa upole kama baba anayefunika mtoto shuka.

Mungu ana hekima yake katika mitihani anayotupa. Mwalimu Faki alimpa wa kifua. Kuteremka aliweza. Ikifika alasiri aliteremka taratibu, kiganja ukutani, akasali msikitini, kisha akakaa barazani na wenzake kubishana juu ya mpira. Kupanda ndiko kulikomshinda. Akifika kwenye kona ya ngazi, baina ya ghorofa ya pili na ya tatu, pumzi ilimwishia, na pale kwenye kona hapakuwa na pa kukaa. Siku moja miguu ilimlegea akakaa chini kwenye saruji, na kuinuka akashindwa. Ikabidi jirani yao wa ghorofa ya tatu, Bi Time, na shoga yake mmoja wamwinue kwa makwapa. Mtu aliyewainua watoto wa mji mzima kwa sauti tu, akainuliwa kama gunia la mkaa.

Kesho yake hakuteremka.

"Leo huendi msikitini, bwana?" Bi Zuwena alimuuliza.

"Nitasali hapa hapa. Mungu yuko ghorofa zote."

"Na barazani?"

"Barazani wapo wengi." Akaugeuza uso dirishani.

Bi Zuwena alimjua mumewe. Aliona kwamba mtu huyu ameanza kujifungia mlango kwa ndani, na kwamba mlango wenyewe, ili ufunguke, unahitaji kitu kidogo tu: mahali pa kukaa katikati ya safari. Basi akachukua kigoda chake cha jikoni, akateremka nacho, akakiweka kwenye kona ya ngazi. Kona ile alikuwa akiifagia yeye kila asubuhi, bila ya mtu kumtuma, na aliona kigoda kimetulia pale kana kwamba kimezaliwa hapo.

Alasiri ile Mwalimu Faki aliteremka. Aliporudi alikaa kwenye kigoda, akavuta uradi wake wa baada ya sala, akainuka peke yake. Aliingia ndani akicheka. "Mama Mwatima! Nimepanda kama kijana!" Mwatima ni binti yao, aliyekwenda nchi za watu kutafuta maisha kama vijana wote wa majumba yale.

Siku zilizofuata zilikuwa njema. Kisha kigoda kikakamatwa.

*

Aliyekikamata ni Mheshimiwa Mkadam, Mkurugenzi Mkuu wa Ngazi na Mapaa. Alikuja na askari wawili, kigoda kikafungwa kamba, kikateremshwa mbele ya macho ya wakaazi. Bi Zuwena alivaa buibui akakifuata ofisini.

"Shikamoo, Bi Zuwena," alisema Mheshimiwa Mkadam, akainuka nusu kwenye kiti chake kikubwa. Naye alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Faki, wa mstari wa nyuma, mwenye mguu wa kushoto uliokuwa ukichelewa gwarideni.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuulizia kigoda changu."

"Hali yake nzuri, mama. Kimeshahojiwa."

"Kimesema nini?"

"Kimekataa kusema. Hilo litaongeza uzito wa kesi." Mheshimiwa Mkadam akaunganisha vidole vyake mezani. "Mama, kigoda ni chako?"

"Ni changu."

"Na ngazi?"

"Ni zetu sote."

"Unaona mwenyewe. Cha kwako kimekalia cha wote. Huo ni uvamizi, na Taifa hili lilivumilia mengi kuhusu uvamizi kabla hatujapata uhuru."

"Ni kwa ajili ya Mwalimu wako, baba. Kifua kinambana. Anapumzika kidogo tu, kisha anapanda."

Yasemekana Mheshimiwa Mkadam aliutazama mguu wake wa kushoto. Kisha akakohoa, akarudi kwenye cheo chake. "Serikali si adui wa kupumzika, mama. Omba benchi. Benchi la wote, kwenye ngazi za wote, kwa ridhaa ya wote. Utaratibu ni mwepesi: uitishwe mkutano wa wakaazi wa jumba, wahudhurie wote bila kukosa hata mmoja, wakubali wote. Benchi linakuja."

Bi Zuwena alitoka pale akimshukuru Mungu, kwa sababu jambo lilionekana karibu.

*

Mkutano ulifanyika uwanjani, chini ya jumba, kwa kuwa sheria inataka mikutano ifanyike mahali ambapo kila mkaazi anaweza kufika. Wakaazi waliteremka na mikongojo yao, wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mheshimiwa Mkadam aliwahesabu kwa macho, akawasha kipaza sauti, ingawa wote walikuwa karibu kiasi cha kusikia tumbo lake.

"Ndugu wananchi, leo ni siku ya kihistoria. Mataifa mengi yana ngazi. Machache yamethubutu kufikiria kuzikalia. Hata hivyo, mkaazi mmoja hayupo."

"Ni mume wangu," alisema Bi Zuwena. "Hateremki siku hizi. Ndiyo sababu tunaomba benchi."

"Bila yeye akidi haijatimia. Ateremke."

"Akiteremka hatoweza kupanda, Mheshimiwa. Pa kupumzikia hapana."

"Pa kupumzikia patakuwepo mkutano ukipitisha benchi."

"Na mkutano hauwezi kupitisha bila yeye."

"Sasa tumeelewana," alisema Mheshimiwa Mkadam kwa furaha.

Bi Time hakuwahi kumwogopa mtu mwenye kipaza sauti, na hapo akajipiga kofi pajani. "Basi mkutano na upande kwake! Tukafanyie ghorofa ya nne!"

"Nani atapanda?" akauliza Mzee Vuai wa ghorofa ya pili. "Mimi goti langu lile la kulia limestaafu kabla yangu. Nitapumzika wapi njiani?"

"Benchini!" alisema Bi Time, na wazee wakacheka mpaka wengine wakakohoa.

Kicheko kikiendelea, dirisha la juu likafunguka na kichwa cha Mwalimu Faki kikatokeza. "Nipo!" alipiga ukelele kwa ile sauti yake ya gwaride, japo ilikatika katikati. "Nipo! Nakubali benchi!"

Wakaazi walimpigia makofi. Mheshimiwa Mkadam alimtazama kwa muda mrefu, akafungua kitabu cha sheria, akakifunga.

"Ninachokiona mimi ni kichwa," alisema. "Sheria inasema mkaazi. Haikusema kichwa cha mkaazi."

"Kwani hivyo vingine vimekwenda wapi?" aliuliza Bi Time.

"Hilo ndilo Serikali haiwezi kulithibitisha kutoka hapa."

Halafu, kana kwamba hayo hayakutosha, Mzee Vuai alisimama akasema kwamba kusema kweli yeye hakubaliani. Kona ile iko juu kidogo tu ya mlango wake. Benchi litaleta vijana wa kukaa na kupiga kelele.

"Vijana wapi, Mzee Vuai?" Bi Zuwena alimuuliza taratibu. "Kijana wa mwisho humu aliondoka na sanduku lake tukamlilia sote. Mwanao."

Mzee Vuai akakaa chini kwenye ndoo yake. Mkutano ukaahirishwa.

*

Uliitishwa tena, ukaahirishwa tena. Masika yakaingia, plasta ya dari ikadondoka vipande vipande, na Wizara ikaeleza kwamba jumba linapunguza uzito kwa manufaa ya wakaazi. Mwalimu Faki alikaa dirishani. Alasiri adhana ikipigwa alisimama, akatawadha, akasali akiwa ameelekea kibla, huku masikio yake yakifuata sauti za watu wanaoingia msikitini kule chini. Baadaye akisikia wenzake barazani wanabishana mpira, alijibu peke yake, kwa sauti ndogo, "Siyo, ile ilikuwa penalti."

"Mama Mwatima, benchi limekuja?" aliuliza kila jioni.

"Bado, bwana. Inshaallah."

"Likija, tutakaa sote wawili. Mimi upande wa kulia, nipate ukuta wa kuegemea. Wewe kushoto."

"Mimi sichoki kwenye ngazi."

"Nitachoka mimi kwa sote wawili. Wewe kaa tu, unitazame."

Akacheka, kisha kikohozi kikamchukua. Bi Zuwena alimshika mgongo, akaomba moyoni: Ya Rabbi, hatukuomba ghorofa ishuke chini. Tumeomba mbao tu.

Katika mwezi huo Mzee Vuai alipanda mpaka ghorofa ya nne. Safari ilimla asubuhi nzima. Alisimama mlangoni akihema na kusema, "Mwalimu, nimekuja kusema nimekubali. Niliogopa kelele. Sasa naogopa kimya." Mwalimu Faki akampisha kiti chake, akakaa kitandani, wakanywa chai.

Na Serikali haikulala. Siku ya kusherehekea Uhuru ilikuwa inakaribia, na Wizara ilitafuta zawadi ya kuwapa wananchi. Waziri, akipitia mambo yaliyokwama, alikuta benchi. Aliamuru litengenezwe kwa haraka na bila mkutano, kwa kuwa ridhaa ya watu inahitajika pale watu wanapoomba kitu, na Serikali inapotoa haihitajiki. Mbao zikakatwa, benchi la watu wawili likapigwa vanishi na kufungwa utepe wa rangi za Taifa.

Asubuhi ile lilipokuwa linapakiwa kwenye gari, Bi Zuwena aliingia chumbani na kikombe cha chai ya tangawizi, akamkuta Mwalimu Faki amekwishaondoka. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea.

*

Katika majumba yale palikuwa na jambo moja tu ambalo Wizara ilisahau kulitungia kanuni. Ngazi ni nyembamba na watu ni wazee, kwa hiyo tangu siku za mwanzo wakaazi walikuwa na desturi yao ya kuteremsha maiti. Wa ghorofa ya nne hulibeba jeneza mpaka ya tatu, na hapo wanalikuta kundi la ghorofa ya tatu limesimama tayari, mabega wazi. Wa tatu huwapa wa pili, wa pili huwapa wa kwanza. Hakuna anayeitisha mkutano na hakuna anayekosa. Hata aliyenuniana na marehemu husimama mlangoni kwake, mikono imenyooka, akisubiri zamu yake ya kumpokea.

Ndivyo alivyoteremka Mwalimu Faki, shahada ikisomwa kwa sauti za chini. Bi Zuwena hakuwa na ruhusa ya kulifuata jeneza, na eda yake, ya mjane kukaa ndani, ilikuwa imeanza. Alisimama kwenye mlango wake, akainama kidogo, akatazama katika ule uwazi wa katikati ya ngazi.

Pale kwenye kona, baina ya ghorofa ya tatu na ya pili, jeneza likakutana na benchi.

Wapagazi wa Wizara walikuwa ndiyo kwanza wamelitua benchi, wanahema. Mheshimiwa Mkadam alikuwa mbele yao, na mkasi wa kukatia utepe juu ya mto mdogo. Aliinua mkono.

"Simameni! Kanuni ya ngazi: mali ya Serikali ikiwa njiani, mengine yanasubiri."

"Maiti haisubiri, Mheshimiwa," alisema imamu.

"Nani huyo?"

Wazee wa ghorofa ya tatu walikuwa wameelemewa. Wa ghorofa ya pili walikuwa upande wa pili wa benchi na hawakuweza kulifikia jeneza. Ndipo Mzee Vuai, ambaye zamu ilikuwa yake, akasema, "Liwekeni hapo. Juu ya benchi."

"Halijazinduliwa!" alisema Mheshimiwa Mkadam. "Waziri atakuja kukata utepe. Hakuna aliyeruhusiwa kulikalia!"

"Huyu ndiye aliyeliomba," alisema Mzee Vuai.

Wakaliteremsha jeneza taratibu juu ya benchi, wazee wakilishika mwanzo na mwisho. Utepe ukakatika bila ya mkasi. Watu wakavuta pumzi. Mzee Vuai aliinamisha kichwa karibu na kitambaa cha kijani kilichofunika jeneza.

"Mguu pande, Mwalimu," alisema.

Mheshimiwa Mkadam akawa ameelewa. Mto ulimteleza mkononi, mkasi ukaanguka na kugongagonga ngazi hadi chini. Akasimama mguu sawa, mgongo wima, mikono ubavuni, na mguu wa kushoto, kama zamani, ukachelewa kidogo. Alisimama hivyo mpaka jeneza likainuliwa, likapita, likatoka nje kwenye mwanga.

Redio ya Taifa ilitangaza habari hiyo jioni. Ilisema kwamba kasi ya Serikali inawashangaza hata majirani, kwani mwombaji alilitumia benchi siku hiyo hiyo lilipofika.

*

Imamu alipopanda kumpa pole, Bi Zuwena alimuuliza jambo lililomsumbua. "Shehe, mimi nimo ndani ya eda. Pale kwenye kona ya ngazi ni ndani ya nyumba au ni nje? Wizara inasema ni pa wote."

Imamu alifikiri. "Nani anapafagia?"

"Mimi."

"Basi ni ndani ya nyumba yako, bibi. Kaa."

Tangu siku ile, kila alasiri baada ya sala, Bi Zuwena aliteremka mpaka kwenye kona na kukaa upande wa kushoto. Upande wa kulia aliuacha wazi, penye ukuta wa kuegemea. Bi Time alipopita na kapu lake alisema, "Sogea basi, shoga, nikae," kisha akautazama ule upande, akakaa kwenye ngazi miguuni pa mwenzake. Walisikiliza pamoja watu wa barazani.

"Wanasema mpira ulitoka," alisema Bi Time.

"Haukutoka," alisema Bi Zuwena.

Lakini nchi yetu ile haiwezi kutoa benchi halafu ikalisahau. Wizara ilituma wakaguzi, wakachungulia siku kadhaa kutoka ngazi za chini, na taarifa yao ikamfikia Mheshimiwa Mkadam: benchi la watu wawili linatumika kwa nusu. Nusu ya pili, kwa hiyo, ni ubadhirifu, nayo ikatwe na kupelekwa jumba jingine lenye uhitaji.

Mheshimiwa Mkadam alikuja na fundi seremala. Yeye mwenyewe alibaki chini mlangoni. Siku hizi ngazi zinamtesa, na kumwambia mtu hawezi. Fundi, mtu wa makamo asiyemjua yeyote jumbani mle, alipanda na msumeno wake, akamkuta Bi Zuwena amekaa na tasbihi.

"Shikamoo, bibi. Nimetumwa kukata nusu."

"Marahaba, mwanangu. Nusu ipi?"

"Yoyote. Zote sawa."

"Hazilingani." Bi Zuwena akainuka, akaikunja kanga yake vizuri, akafuta kwa kiganja mahali alipokuwa amekaa. "Kata hii yangu. Ile ya kulia ni ya mume wangu."

Fundi alitazama kulia. Hapakuwa na mtu. Ukuta tu, na alama hafifu kwenye vanishi pale jeneza lilipokwaruza.

"Nikikata hii, wewe utakaa wapi, bibi?"

"Mimi nitasimama. Yeye ndiye aliyekuwa akichoka."

Fundi aliuweka msumeno kwenye mbao. Akautoa. Akaupangusa kwa shati, ijapokuwa ulikuwa msafi. Kutoka chini sauti ya Mheshimiwa Mkadam ilipanda na giza la ngazi.

"Fundi! Umeshakata?"

Bi Zuwena alikuwa amesimama kando, mkono ukutani, midomo yake inakwenda na tasbihi, akimsubiri amalize kazi yake.

"Haiwezekani, Mheshimiwa," fundi akaita. "Pamekaa watu."

Kisha wakasikia miguu ya mtu mzito inaondoka polepole kuelekea kwenye gari, mmoja ukitangulia, na wa kushoto ukichelewa.